Jinsi ya Kufanya Puja ya Asubuhi Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Karibuni tena jikoni kwangu. Leo sufuria zisubiri kidogo. Tazameni kabati hili dogo la mbao nyuma yangu, ambalo wengi mmeliona kwenye video zilizopita mkaniuliza ni la nini. Sisi tunaliita mandir, yaani hekalu, jina lile lile la mahekalu makubwa yaliyopangana Kisutu hapa Dar es Salaam. Nyumba nyingi za Wahindu zina mandir yake: kuna wenye chumba kizima, na kuna wenye rafu moja tu juu ya friji. Hapa ndipo tunapofanya puja, ibada ya kila siku. Leo tuifanye pamoja mwanzo hadi mwisho, dakika 20 zinatosha.

Kabla hatujagusa kitu, shikeni neno moja: mgeni, yaani Mungu tunayempokea kama mgeni nyumbani. Mama yangu, tuliyemwita Ba, alinifundisha puja kwa neno hilo kabla hajanifundisha sala hata moja. Puja kamili ina hatua 16, na ukizisikia utadhani unasimuliwa jinsi mama wa pwani anavyompokea mkwe. Kwanza unamkaribisha, unampa kiti, maji ya miguu, maji ya mikono, maji ya kunywa. Unamwogesha na kumvika nguo. Kisha manukato, maua, ubani, taa, chakula, na baada ya chakula, tambuu. Ndiyo, tambuu hii hii ya kwetu; kwa Kisanskriti inaitwa tambula. Siku ya kazi nyumba nyingi hufupisha hatua hizo zikabaki tano: manukato, maua, ubani, taa na chakula. Ndizo nitakazowaonyesha.

Maandalizi ni mepesi. Oga, vaa nguo safi, vua viatu. Futa rafu ya mandir, ondoa maua ya jana. Kwenye sinia weka taa ndogo ya shaba, samli, pamba, vijiti vya udi, msandali uliolowekwa ukawa uji mzito kama liwa, unga mwekundu wa kumkum, maua, kikombe cha maji na kengele. Utambi tengeneza mwenyewe: chukua pamba kidogo, isokote katikati ya viganja hivi, halafu ichovye kwenye samli hadi ilowe yote. Utambi mkavu huungua ukaisha kabla hujamaliza ibada.

Sasa kaa mbele ya mandir, tulia, piga kengele taratibu. Umebisha hodi. Wa kwanza kuitwa ni Ganesh, huyu mwenye kichwa cha tembo, mwondoa vikwazo. Harusi, duka jipya, safari, mtihani, vyote huanza kwa jina lake, na puja pia. Baada yake mwite yule ambaye nyumba yenu imemchagua: Krishna, Shiva, Mama Durga, Ram. Kwetu ni Krishna.

Hapa nisimame kidogo, maana najua swali linalowakaa moyoni. Jirani yangu mmoja, tuliyeishi naye kama ndugu, aliniuliza kwa upole: dada, kwani nyie mnaabudu sanamu, na miungu mingapi? Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Kwetu asili ya kila kitu ni moja tu, Brahman, isiyo na mwanzo wala umbo, na nafsi iliyo ndani ya kila kiumbe inatoka huko. Majina na sura ni nyingi kwa sababu sisi wenye kumtafuta ndio wengi. Aliyeko kila mahali tunamwomba aketi hapa kwa muda, ili macho yetu yapate pa kumtazama na mikono yetu ipate pa kumhudumia. Sanamu hiyo inaitwa murti. Kwenye hekalu murti hufanyiwa kwanza ibada ya kutiwa pumzi, na tangu siku hiyo huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hulishwa na hulazwa. Ndiyo maana ukienda hekaluni adhuhuri waweza kukuta pazia limefungwa: ni saa ya mapumziko. Wako pia Wahindu wasiotumia murti kabisa. Wafuasi wa Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1875, huomba mbele ya moto. Nao ni Wahindu kamili.

Tuendelee. Manukato. Chovya kidole cha pete kwenye msandali, mguse mgeni wako kwenye paji la uso, kisha jipake na wewe alama ndogo katikati ya nyusi. Tumia mkono wa kulia, kwa hili na kwa yote yanayofuata.

Maua: usiyanuse. Harufu ya kwanza ni ya mgeni. Ganesh hupewa maua mekundu na majani ya ukoka, huu ukoka wa bustanini. Krishna hupewa tulsi, mmea wa jamaa moja na mrehani. Tulsi usimpe Ganesh. Kisha washa udi, uzungushe mara chache, uchomeke pembeni.

Sasa taa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa arati. Simama. Shika taa kwa mkono wa kulia, kengele kwa mkono wa kushoto, uizungushe taa mbele ya murti kama mshale wa saa unavyokwenda. Usiharakishe. Mwanga upite miguuni, kifuani, usoni, na macho yako yaufuate. Kumtazama hivi kunaitwa darshan, na tunaamini kwamba unapotazama, nawe unatazamwa. Macho ya murti huchorwa makubwa kwa sababu hiyo. Siku za sikukuu tunawasha pia kafuri, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la karafuu maiti. Inawaka yote bila kuacha majivu, nasi tunaomba umimi wetu uishe vivyo hivyo. Ukimaliza, wapitishie taa wote waliopo: kila mmoja apitishe viganja juu ya moto, kisha aviguse machoni na kichwani. Na taa haizimwi kwa kupuliza, maana pumzi ya kinywa huhesabiwa kuwa imeichafua. Iache iishe yenyewe, mahali ambapo mtoto hafikii na pazia haligusi.

La mwisho ni chakula. Leo nina ndizi mbivu na maziwa yenye sukari kidogo. Ukipika, usionje, mgeni haanziwi sahani. Na katika nyumba kama yetu hakiwekwi nyama, kitunguu wala kitunguu saumu. Kama huna kitu, usiahirishe puja. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, Krishna anasema anapokea jani, ua, tunda au maji tu, mradi yametolewa kwa upendo. Ba alikuwa na miaka ya kuweka sukari guru kipande kimoja, na hakuwahi kuona haya.

Zungusha maji kidogo kuizunguka sahani, funga macho, ngoja dakika mbili. Mimi wakati huu huwa nawaza juu ya karma. Maana yake ni tendo, na kila tendo huacha alama inayoifuata nafsi kutoka mwili hadi mwili, hadi siku itakapokuwa huru, hali tunayoiita moksha. Tendo lisilofunga ni lile unalolifanya kwa bidii bila kuyang'ang'ania matunda yake. Ndizi hii nimeinunua mimi, nimeimenya mimi, halafu nimeiachia. Nikiipokea tena si ndizi yangu. Ni prasad, sehemu niliyopewa na mgeni.

Fungueni macho. Inamisha kichwa, unganisha viganja, sema asante kwa lugha yoyote unayoota nayo. Katakata ndizi vipande vidogo, wape wote waliomo nyumbani, na anayebisha hodi mpe pia, kwa mkono wa kulia. Yale maji yaliyobaki kwenye kikombe usiyamwage kwenye sinki. Twende nayo huku uani, kwenye chungu cha tulsi, tuyamimine polepole shinani.