Bolti Nne na Kopo la Kimbo

SALMA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Karibuni. Leo salamu ni fupi, maana tangu Jumapili nina jambo limenikaa kooni, na shemeji hapa analijua.

ATHUMANI: Waaleikum salaam. Nalijua sana. Si mimi niliyelala chini ya gari mpaka saa tano usiku?

SALMA: Wewe ulikuwa wa pili. Wa kwanza nilikuwa mimi, nimetandika leso, kwenye kituo cha mafuta pale Mazeras. Basi niwaeleze. Natoka Mariakani na Datsun, ile 240Z ya marehemu baba. Nikikanyaga mafuta, tak. Nikiachia, tak. Nikienda mwendo mmoja, kimya. Nikasema hii si injini, hii ni kitu kinachochezacheza pale mzigo unapogeuka. Nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikatia mawe kwenye magurudumu, nikaingia chini. Pale propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, inapokutana na difu, lile gia la magurudumu ya nyuma, pana bolti nne. Nikahesabu tatu.

ATHUMANI: Ya nne iko barabarani.

SALMA: Iko barabarani mpaka leo. Na moja kati ya hizo tatu niliizungusha kwa vidole. Kwa vidole, shemeji! Na pembeni ya flanji, zile sahani mbili zinazobanwa na bolti, pamejaa unga, rangi ya kahawia iliyoiva, laini kama mdalasini uliotwangwa. Nikaushika, ukanibaki kwenye ncha za vidole.

ATHUMANI: Huo unga ndio wa kuogopa kuliko ile bolti iliyopotea. Chuma na chuma vikisuguana kidogo kidogo vinatoa vumbi, na vumbi lile linashika kutu papo hapo. Ukiliona kwenye maungio, ujue flanji zinacheza. Watu wengi wanadhani bolti ndiyo inayosukuma difu, kama kigingi. Sivyo. Kazi ya bolti ni kubana. Nyuso mbili zikibanwa barabara, msuguano wao ndio unaopeleka nguvu. Ndiyo maana hutakiwi kuacha grisi wala rangi katikati ya flanji. Bolti ikilegea, mzigo unahamia shingoni mwake. Ukikanyaga inapigwa huku, ukiachia inapigwa kule, mpaka inakatika.

SALMA: Na ingekatika nikiwa kwenye mteremko?

ATHUMANI: Propela ingebaki inajipiga kwenye sakafu, chini ya kiti chako. Alhamdulillahi ulisimama.

SALMA: Alhamdulillahi. Basi kwa sababu hiyo nimeandaa masomo saba, niliyaandika jana kwenye daftari. Kusoma alama za kichwani mwa bolti, kupima meno, kusafisha flanji, kukaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu unayokazia, kutia alama ya rangi, kurudi kukagua, na la saba ni chumvi ya hapa kwetu inavyokula vyuma. Tuanze la kwanza.

ATHUMANI: Kabla ya la kwanza, lile kopo liko wapi?

SALMA: Shemeji.

ATHUMANI: Wasikilizaji wa siku nyingi wanalijua, lakini wapya hawalijui. Marehemu mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kopo la Kimbo la kilo mbili. Halikuwa na mafuta ya kupikia tena. Lilikuwa na bolti, nati, washa na ufunguo mmoja ambao hakuna anayejua ni wa mlango gani.

SALMA: Ni wa kabati la mama.

ATHUMANI: Kumbe! Miaka yote hii! Mie n'kiposa hapa, kitanda tulicholetewa kilikosa bolti mbili. Mzee akaniambia, “Zimo kwenye kopo.” Feni ya sebuleni ikilia, “Zimo kwenye kopo.” Baiskeli ya mtoto, bawaba ya mlango wa uani, mguu wa cherehani ya mama.

SALMA: Hata sufuria ya biriani, mkono wake umeshikwa na bolti ya kopo. Tangu harusi ya dada.

ATHUMANI: Harusi yangu hiyo! Na unajua alikuwa anazipanga? Mtu akilitazama anaona vurugu. Lakini zile za gari alizifunga kwa waya, nne nne, na kila fungu lina kitambaa. Nyekundu za Datsun. Aliniambia alianza kuzikusanya baada ya Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta aliposhinda kwa 240Z. Alikuwa kijana, anasikiliza redio Pasaka nzima. Akasema gari hili nitalipata siku moja, ngoja nitangulize bolti.

SALMA: Mimi aliniambia ni 1971, Herrmann aliposhinda kwa 240Z hiyo hiyo.

ATHUMANI: Mimi aliniambia 73.

SALMA: Haya, mzee alikuwa na matoleo mawili. Turudi kwenye somo la kwanza. Alama za kichwani. Bolti ikiandikwa 8.8, ile 8 ya kwanza ni megapaskali 800, kipimo cha nguvu ya kuivuta mpaka ikatike, na 8 ya pili ni kwamba ikifika asilimia 80 ya hizo inaanza kunyooka isirudi. 10.9 ni 1000, na asilimia 90.

ATHUMANI: Na za Kijapani za zamani zimepigwa namba moja tu kichwani: 4, 7 au 9. Fundi asiyejua anadhani 9 ni saizi ya spana. 9 ni kilo 90 kwa kila milimita mraba, yaani kama megapaskali 880. Kwa hiyo 9 ya Kijapani haiko chini ya 8.8, iko juu yake. Na kwenye kopo, fungu la kitambaa chekundu, zimo nne, kila moja ina 9. Mzee alizitoa kwenye gari la aina hii hii.

SALMA: Nilijua tutafika hapa.

ATHUMANI: Tumefika.

SALMA: Mimi nimeshanunua nne mpya za 10.9, na nati mpya zenye pete ya plastiki ndani, maana hizo nati ukishazifungua hazishiki tena kama mwanzo.

ATHUMANI: Nati mpya sawa, sina neno. Nauliza bolti. Zilikuwa kwenye pakiti ya kiwanda, au kwenye trei ya dukani?

SALMA: Kwenye trei.

ATHUMANI: Kichwani zina nini?

SALMA: 10.9.

ATHUMANI: Hicho ni kiwango. Herufi za aliyezitengeneza je? Bolti ya kiwango hicho inatakiwa iwe na vyote viwili.

SALMA: Tatu zina herufi.

ATHUMANI: Na ya nne?

SALMA: Ya nne naenda kuirudisha kesho asubuhi.

ATHUMANI: Unaona! Mtu yeyote mwenye nyundo na chapa anaweza kupiga 10.9. Zile za mzee nazijua zilikotoka.

SALMA: Unazijua? Zilikazwa na nani mara ya kwanza? Kwa spana ya toki, au kwa bomba refu na mguu? Zilizunguka kilomita ngapi zikiwa zimelegea kama yangu? Bolti iliyopigwa huku na huku inachoka, na ufa wa kuchoka huuoni kwa macho.

ATHUMANI: Ndiyo maana nitazikagua. Nazisugua kwa brashi ya waya, natembeza nati kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama katikati, shingo imevutika, natupa. Napima urefu wa zote nne kwa venia, kile kipimo chenye taya, zisipishane. Zile bolti zilizotengenezwa kukazwa mpaka zivutike, hizo kweli ni za mara moja tu, sibishani. Hizi si za aina hiyo. Na bolti iliyobanwa sawasawa haihisi mapigo mengi, mapigo yanaishia kwenye flanji.

SALMA: Iliyobanwa sawasawa. Shemeji, wewe hukuwepo.

ATHUMANI: Alikuwepo mzee.

SALMA: Baba alikuwa akikaza kwa mkono, mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Na ukiangalia, nguvu unayotia kwenye spana, yapata nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa, sehemu kubwa ya iliyobaki inaliwa na meno, na inayovuta bolti ni kama sehemu moja ya kumi. Meno yakiwa na kutu, hata hiyo moja huipati, na mkono unakwambia imekaza. Nampenda baba, lakini propela yangu siifungi kwa kumbukumbu.

ATHUMANI: Si kumbukumbu. Ni chuma kizuri kilichotunzwa kwenye mafuta miaka arubaini.

SALMA: Mimi natia mpya.

ATHUMANI: Mimi sikubali bolti za trei.

SALMA: Nitatafuta za pakiti.

ATHUMANI: Zikipatikana. Na zisipopatikana?

SALMA: Gari litakaa juu ya stendi.

ATHUMANI: Na za mzee zipo hapa hapa, umbali wa mkono.

SALMA: Tumefika somo la ngapi?

ATHUMANI: Somo la kwanza. Na nusu.

SALMA: Daftari lina saba! Basi hata meno hatujayagusa. Haraka haraka: kwenye lile kopo zimo M10, yaani za unene wa milimita 10, za hatua ya 1.25, yaani milimita kutoka jino hadi jino, ambazo magari ya Kijapani hupenda, na zimo za 1.5. Ukikosea inaingia mzunguko mmoja na nusu halafu inakwama. Usiilazimishe kwa spana, utaua nati na...

ATHUMANI: Hiyo adhana. Magharibi.

SALMA: Haya. Ya spana ya toki, rangi na chumvi, wiki ijayo, inshallah.

ATHUMANI: Nikirudi msikitini nisikute umefunga zile tatu.

SALMA: Siwezi kufunga tatu. Leta hilo kopo kwanza, nataka kutoa ufunguo wa mama.