Udhuru wa Mromania kwa Kiingereza

Juma: Habari za saa hizi, wasikilizaji. Mimi Juma, na mwenzangu ni yuleyule da Rehema, ambaye anafundisha Kiingereza mtandaoni, na wanafunzi wake wengi ni Waromania. Leo mada ni udhuru. Da Rehema, hebu nianze kwa uchokozi: mtu mzima anafundishwaje kutoa visingizio?

Rehema: Visingizio anavyo tele, kaka. Kazi ni kuvisema kwa Kiingereza bila kujitia matatani. Na wala hakosi maneno. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, na Kiingereza nacho kimebeba mzigo mkubwa wa maneno ya Kilatini, mengi yamepitia kwa Wafaransa. Basi Mromania akiona "excuse", yaani kisingizio, anakumbuka "scuză" ya kwao. "Pretext" kwao ni "pretext". "Alibi" ni "alibi". Anajiona kashafika.

Juma: Kumbe bado.

Rehema: Bado kabisa, na kule kufanana ndiko kunakomponza. Chukua hiyohiyo "scuză". Mtu akikukanyaga kwenye tramu pale Bucharest anakwambia "scuze!", yaani samahani. Akitaka kuomba radhi kwa heshima anasema "îmi cer scuze", naomba radhi. Sasa mpeleke London, akanyage mguu wa mtu, aseme "Excuses!"

Juma: Si ameomba radhi?

Rehema: Mwenye mguu amesikia "visingizio tu hivyo!"

Juma: Lo! Mguu umeumizwa na msemwaji ni yeye.

Rehema: Ndiyo maana siku ya kwanza nawaambia: ukishakosea sema "sorry", na kwenye barua ya kazi andika "I apologise". "Excuse me" Waingereza wanaitumia zaidi kabla, unapotaka kupita au kumwita mhudumu. Halafu kuna matamshi. "Excuse" ikiwa jina, mwisho wake ni s. Ikiwa kitenzi, ni z. Kiromania "scuză" na "a scuza" zote zina z, kwa hiyo wanatia z kila mahali. Hilo silipigii kelele sana, wataeleweka.

Juma: Lipi unalipigia kelele?

Rehema: "Motive". Kwao "motiv" ni sababu yoyote ile: ya kuchelewa, ya kucheka, ya kununua koti. Kwa Kiingereza "motive" inanuka upelelezi. Nilisahihisha barua pepe moja ya dereva wa lori: "I had a good motive to be late." Ukiisoma unamwona inspekta amekaa mezani na faili. Alitakiwa aandike "reason", basi.

Juma: Huyo angewekwa ndani.

Rehema: Ngoja, kitenzi chake ndicho balaa. Shule za Romania zinahesabu siku ambazo mtoto hakufika kwa mafungu mawili: "absențe motivate" na "absențe nemotivate". Mtoto akiugua, analeta karatasi ya daktari kwa "diriginte", mwalimu wa darasa, na ile siku inahesabika kuwa ina udhuru. Neno hilo anakua nalo. Akiajiriwa anaandika: "My absence was motivated by the doctor."

Juma: Yaani daktari alimhamasisha asiende kazini!

Rehema: Ndivyo bosi anavyosoma. Kiingereza cha kawaida ni "I have a doctor's note". Maneno mafupi tu.

Juma: Ila da Rehema, haya yanachekesha, yanapita. Kuna ambalo linaharibu kazi kweli?

Rehema: Lipo. "Pretend". Kiromania kina "a pretinde", maana yake kudai, kusema kwamba jambo ni hivi. Sasa mwenzako hajaja, msimamizi anauliza yuko wapi, nawe kwa nia njema unajibu: "He pretends he is sick." Ulitaka kusema "anasema anaumwa".

Juma: Na umesema anajifanya mgonjwa.

Rehema: Umemchoma, kaka! Na hutajua, kwa sababu sentensi haina kosa la sarufi hata moja. Ingekuwa na kosa, msimamizi angekuuliza una maana gani. Hii imenyooka, anaiamini. Nawaambia "pretend" waifiche kabatini, waseme "he says he's sick". Hata "claims" siipendi hapo, nayo ina harufu ya shaka.

Juma: Aisee.

Rehema: Nduguye ni "eventually". "Eventual" ya Kiromania ni labda, ikibidi, tukijaliwa. "Eventually" ya Kiingereza ni hatimaye: itachelewa, lakini itakuwa. Kwa hiyo mtu anadhani anakwepa zamu ya Jumamosi kistaarabu kwa kusema "Eventually I will come". Msimamizi kamsikia akiahidi kuja.

Juma: Sasa twende kwenye visingizio vyenyewe. Vinatengenezwa?

Rehema: Kwa Kiingereza, ndiyo, "make an excuse". Kiromania wanavitafuta na kuvipata, "a găsi scuze", ndiyo maana unasikia "don't search excuses". Ukiongeza "up", "make up an excuse", umesema mtu amekitunga hakina ukweli wowote. Na usichanganye na "I'll make it up to you", hiyo ni ahadi ya kumfidia mtu uliyemwangusha. Neno dogo "it" limegeuza kila kitu, na wanafunzi wananichukia kila tukifika hapo.

Juma: Na kisingizio kibovu?

Rehema: Vitabu vingi vitakupa "lame excuse". "Lame" kwa asili ni kiwete, na wapo watu hawapendi isemwe hivyo. Mimi nafundisha waielewe wakiisikia, ila wenyewe waseme "poor excuse". Maana ileile, humuudhi mtu.

Juma: Wanafunzi wako hasa wanayahitaji wapi haya?

Rehema: Uingereza, wengi wao. Sensa ya 2021 ilikuta watu kama 539,000 waliozaliwa Romania wanaishi England na Wales. Maghala, ujenzi, hospitali, madereva. Na taratibu za ugonjwa ni tofauti na walizozoea. Romania likizo ya ugonjwa, "concediu medical", inakwenda na cheti cha daktari. Uingereza siku 7 za kwanza hutakiwi cheti, na wikiendi inahesabiwa humo. Unapiga simu, unajieleza mwenyewe. Zikizidi 7 ndipo wanataka "fit note", cheti cha daktari kilichochukua nafasi ya "sick note" mwaka 2010.

Juma: Kwa hiyo siku hizo 7 karatasi yako ni mdomo wako.

Rehema: Na Kiingereza chako, saa kumi na mbili asubuhi, una homa! Ndiyo maana tunaifanyia mazoezi ile simu. "I'm afraid I can't come in today. I've got a stomach bug." Yaani samahani, leo sitaweza kuja, tumbo linaniuma. Hiyo "I'm afraid" si kuogopa, ni adabu. Kitendo chenyewe kinaitwa "call in sick". Ukidanganya, Waingereza wanaita "pull a sickie", na hilo lijue tu, usije ukamtamkia msimamizi.

Juma: Mimi hapa Dar nikishikwa pabaya nasema "nimepata dharura". Haina maelezo.

Rehema: Kiingereza ni "something came up". Kiromania "a intervenit ceva", na wao wanatafsiri "something intervened", utadhani jeshi limeingilia kati.

Juma: Inakubalika kazini?

Rehema: Kwa rafiki mliyepanga kunywa kahawa, sawa. Kwa mwajiri ni nyepesi mno, atauliza kitu gani hicho kilichotokea. Na hata huyo rafiki, ukiitumia mara mbili kwa wiki moja, naye atauliza. Waromania wana usemi kwa mtu aliyefikia hapo: "a da din colț în colț", kuruka kona hii kwenda kona ile.

Juma: Huyo namjua. Ananidai na mimi namdai.