Tairi Umefunga Mwenyewe, Pikipiki Inanguruma Haiendi

Mbukwenyi! Sogeeni kivulini, tutakaa kidogo.

Wengi wenu ni watu wa cheni. Pikipiki ya shafti haina cheni wala sproketi: nguvu inatoka kwenye giaboksi, inapita kwenye propela, yaani shafti yenyewe, iliyofichwa ndani ya mkono wa nyuma, inafika kwenye difu ndogo, kile kisanduku cha gia ubavuni mwa tairi. BMW wanatumia shafti tangu R32 ya mwaka 1923, na mnaziona za wasafiri wanaopita hapa kuelekea Babati. Mwenye guta la kubebea maji naye propela anaijua, ila ya kwake iko nje nje.

Sasa mtu kapata pancha. Kachomoa ekseli, kaziba, karudisha tairi. Anaweka gia, anaachia klachi: injini inanguruma, pikipiki imesimama pale pale. Kesho yake unasikia anafungua klachi! Klachi imekosa nini? Jana ilikuwa nzima. Anza na ulichokigusa.

Simamisha kwenye stendi kubwa, zima injini, weka gia ya kwanza, sukuma tairi kwa mkono. Likicheza kidogo kisha likagoma, limeshika. Mchezo ule ni wa kawaida. Likizunguka bure, meno ya habu, kile kitovu cha tairi, hayakuingia kwenye meno ya difu, au yamekwisha. Vua utazame. Meno yaliyolika huchongoka kama ya msumeno, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha. Kama uliishusha na difu yenyewe, huenda propela haikuingia kwenye joint ya mbele, upande wa giaboksi. Usiivute kwa nati! Mmoja azungushe meno ya difu polepole, mwenzake asukume mpaka izame yenyewe.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Kwenye Honda na Yamaha nyingi za shafti, ukishalegeza nati zinazoshika difu, usizikaze mwanzo. Kaza ekseli kwanza, difu ijipange na tairi, ndipo ukaze nati zake. Ukigeuza mpangilio huo, pikipiki itatembea vizuri tu, na ndiyo maana watu hawaamini. Meno yatakuwa yanalika upande upande, utakuja kujua ukiwa katikati ya Mtera na Iringa. Meno yasafishwe vumbi lote, vumbi letu hili likiingia kwenye grisi linasaga chuma, halafu upake grisi nzito yenye molibdenamu. Ile ya kawaida hurushwa nje mapema.

Tairi likiwa gumu kuzunguka, angalia bushi za ekseli: ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani urefu. Na kwa breki za drami, kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki kifungwe, na pini yake irudi. Kikiachwa, siku utakayokanyaga breki sahani itazunguka na tairi, tairi ligome ghafla. Hilo linaua.

Oili ya difu ni ya gia, nyingi hutumia ya uzito wa 80W-90. Ijaze pikipiki ikiwa wima, mpaka mdomo wa tundu. Ukizidisha itapenya kwenye sili na kufika kwenye breki.

Ukishamaliza, zunguka mtaa mmoja, kisha sogeza mkono karibu na habu, usishike kwa pupa. Difu kupata uvuguvugu ni kawaida. Ukikuta upande wa breki unaunguza na hukufunga breki sana, kuna kitu kinasugua.

Haya, ile nyeupe pale iletwe, tuivue.