Hukumu ya Dawa za Kulevya na Msaada wa Masomo nchini Marekani

Ndugu wazazi na wanafunzi, nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi huuliza pembeni, tena kwa sauti ya chini: je, aliyewahi kutiwa hatiani kwa dawa za kulevya anaweza kupata msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani? Anaweza. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 jibu halikuwa hilo, na hofu iliyojengeka wakati ule ingali inawazuia watu kuigusa fomu ya maombi.

Mwaka 1998 Bunge, kwa pendekezo la Mark Souder, mbunge kutoka Indiana, liliongeza katika Sheria ya Elimu ya Juu kifungu kilichoanza kutumika Julai 2000. Aliyepatikana na dawa alinyimwa ruzuku na mikopo kwa mwaka mmoja, akirudia miaka miwili, na mara ya tatu bila kikomo. Muuzaji alianzia miaka miwili, na kosa lake la pili halikuwa na kikomo. Aliyetaka kurejeshewa haki mapema alipaswa kumaliza mafunzo ya kuacha dawa na kufaulu vipimo viwili vya kushtukiza. FAFSA, yaani fomu ya kuombea msaada huo, iliuliza habari za hukumu za dawa, lakini haikuuliza habari za wizi wala mauaji. Na kwa kuwa mtoto wa tajiri hahitaji ruzuku ya serikali, adhabu hii, iliyokuja juu ya ile ya mahakama, ilimwangukia hasa mwenye kipato kidogo.

Marekebisho ya 2006 yalipunguza makali, yakahesabu tu kosa lililotendwa wakati mwanafunzi anapokea msaada. Souder mwenyewe alishikilia kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, lakini swali lilibaki kwenye fomu, na mwenye hukumu ya zamani hakuwa na hamu ya kulisoma hadi mwisho.

Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 ilifuta sharti lenyewe. Ajabu ni kwamba swali liliendelea kuulizwa kwa misimu miwili bila jibu lake kuwa na athari yoyote, hadi lilipotoweka katika fomu ya 2023–24. Julai 2023 hata wafungwa walirudishiwa ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo wenye kipato kidogo, waliyonyimwa tangu 1994, mradi wasome katika programu iliyoidhinishwa.

Kwa wale kati yetu ambao bado si raia, nasema jambo moja zaidi: mabadiliko haya hayakugusa sheria ya uhamiaji, ambamo hukumu ya dawa inaweza kumfukuzisha mtu nchini. Hilo mpelekeeni mwanasheria kabla ya kukiri kosa lolote mahakamani.