Homoni ya Ukuaji: Kutoka Mochwari hadi Maabara

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo mimi na kaka Salim tunazungumzia homoni ya ukuaji, inayotengenezwa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kumwagwa kwenye damu kwa vipindi, hasa usiku mtoto anapokuwa usingizini. Wengi wameisikia katika habari za wanamichezo wanaodanganya, ilhali ilianza kutumika kama dawa ya watoto.

SALIM: Ndivyo ilivyo, dada Rehema. Mtoto ambaye tezi yake haitoi homoni ya kutosha hubaki mfupi kupita kiasi, hata kama anakula vizuri na hana maradhi mengine. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alitangaza kwamba kijana mmoja mwenye upungufu huo alikuwa ameanza kurefuka baada ya kudungwa homoni iliyotolewa kwa binadamu. Homoni za ng'ombe na nguruwe zilikuwa zimejaribiwa kabla yake bila mafanikio, kwa sababu mwili wetu hauzitambui.

REHEMA: Na hiyo ya binadamu ilipatikana wapi?

SALIM: Kwa maiti. Tezi zilikusanywa mochwari, zikachanganywa kwa maelfu, kisha homoni ikachujwa kutoka kwenye mchanganyiko huo. Kila tezi ilitoa kiasi kidogo mno, kwa hiyo dawa ilikuwa adimu na ilitolewa kwa mgawo. Hatari ilikuwa katika kule kuchanganya, kwa kuwa tezi moja yenye maambukizi ilitosha kuchafua dawa ya watoto wengi.

REHEMA: Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito. Mwishoni mwa mwaka 1984 kijana wa Marekani wa umri wa miaka 20 hivi alifariki kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huharibu ubongo na kwa kawaida huwapata wazee. Daktari Raymond Hintz wa Stanford alijua kwamba kijana huyo alidungwa homoni utotoni, na mwanzoni mwa 1985 akaziandikia mamlaka za afya. Ninamheshimu sana kwa hilo, maana kifo kimoja kingeweza kuhesabiwa kuwa bahati mbaya tu. Baada ya muda mfupi vifo vingine vya namna hiyo vikajulikana, na mwezi Aprili ugawaji ukasitishwa nchini humo.

SALIM: Chanzo chake ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo, na ambayo haiuawi na njia za kawaida za kutakasa dawa. Ufaransa iliendelea kutumia homoni ya maiti hadi mwaka 1988, na zaidi ya watu 100 waliotibiwa huko wamekufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 2009 Mahakama ya Paris iliwaachia huru madaktari na wafamasia walioshtakiwa kwa sababu ya homoni hiyo. Kwangu mimi, wazazi waliowapeleka watoto wao kwa nia njema walistahili jibu lililo bora kuliko hilo.

REHEMA: Wengine waliugua zaidi ya miaka 30 baada ya sindano ya mwisho. Tena Januari 2024 watafiti wa London walieleza kwamba baadhi ya waliodungwa homoni hiyo ya zamani wamepata dalili zinazofanana na za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu.

SALIM: Tuwaondolee hofu wanaotibiwa sasa. Mwezi Oktoba 1985 Marekani iliidhinisha homoni ya kampuni ya Genentech, inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Dawa ya leo haitoki kwenye maiti, na haina njia ya kuleta prioni hizo. Hupewa watoto wenye upungufu wa homoni, wasichana wenye sindromu ya Turner, yaani waliozaliwa na kasoro ya kromosomu ya X, na baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa figo. Kwa kawaida ni sindano ya kila jioni kwa miaka, ingawa sasa zipo za mara moja kwa wiki, na urefu hauongezeki tena gegedu za kwenye ncha za mifupa zikishafunga.

REHEMA: Basi mtu mzima anayeuziwa ili arudishe ujana?

SALIM: Anadanganywa. Matangazo hayo huegemea utafiti wa mwaka 1990 uliowadunga wanaume 12 wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Misuli iliongezeka na mafuta yakapungua, lakini haukuthibitisha kwamba walipata nguvu wala maisha marefu. Madhara yake yanajulikana: kuvimba, maumivu ya viungo na sukari kupanda.

REHEMA: Na mzazi anayeona mwanawe harefuki?

SALIM: Aende kliniki na kadi ya ukuaji, kwa kuwa kasi ya kurefuka mwaka hadi mwaka hueleza mengi kuliko kipimo cha siku moja. Daktari ataangalia kwanza lishe, tezi ya shingo na magonjwa sugu, kisha atapiga eksirei ya mkono kujua umri wa mifupa. Kwa kuwa homoni hii hutoka kwa vipindi, damu ikichukuliwa mara moja haithibitishi upungufu. Mtoto hupewa dawa ya kuichochea tezi, halafu damu huchukuliwa mara kadhaa kwa saa chache. Asikubali mwanawe aanzishiwe sindano kabla ya vipimo hivyo.