Kinyama Kwanza, Kisu Baadaye

Mabibi na mabwana, nyuma ya matumbo, jirani na figo na mishipa mikubwa ya damu, pana nafasi ambamo uvimbe huweza kufikia sentimita 20 bila mwenyewe kuhisi maumivu. Anachoona ni kwamba nguo zinambana, au anashiba upesi.

Ukishaonekana, kila mtu anataka utoke leo. Nawasihi, kwanza tuujue. CT skani huonyesha umekaa wapi na umeshikamana na nini, lakini limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, nayo huweza kukaa palepale, na limfoma hutibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Kwa hiyo tunachukua vinyama, yaani vipande vidogo vya uvimbe, kwa sindano nene, tukipitia mgongoni au ubavuni ili tusitoboe utando wa tumbo. Wagonjwa huniuliza, sindano haitasambaza saratani? Kwa njia hiyo hatari ni ndogo sana. Kupasuliwa kabla ya kujua unapasuliwa nini ndiko kunakonitisha.

Maabara nako kuna mitego. Kuna laiposakoma, saratani ya tishu za mafuta, inayofanana mno na mafuta ya kawaida chini ya hadubini. Huumbuliwa na jeni ya MDM2, ambayo nakala zake zimezidi. Ndiyo maana vinyama hivi visomwe na mpatholojia aliyezoea sarkoma, saratani za tishu kama mafuta na misuli, hata kama ni kuvisafirisha.

Sasa ufuatiliaji. GIST, uvimbe unaoota kwenye ukuta wa tumbo la chakula au utumbo, ikitibiwa kwa dawa ya imatinib inaweza mwanzoni isipungue, hata ikaonekana imeongezeka, kumbe ndani seli zinakufa. Anayepima kwa rula peke yake atasimamisha dawa inayofanya kazi. Desmoidi, uvimbe wa tishu zenye nyuzinyuzi, haisambai kwenye viungo vingine, na nyingine hunywea zenyewe. Mgonjwa anayeambiwa tuangalie kwanza kwa MRI kila baada ya miezi michache hajatelekezwa.

Laiposakoma ndiyo inayotaka subira. Huweza kurudi palepale hata baada ya miaka 10, kwa hiyo tunapiga picha kila miezi 3 hadi 6 miaka ya mwanzo, kisha kila mwaka, na mwaka wa 5 hatuagani. Tafadhali tunzeni picha zenu zote. Uvimbe unaoongezeka milimita 2 kila safari hauonekani ukilinganishwa na picha ya juzi. Uwekeni kando ya ile ya kwanza kabisa.