Kufuatilia kupauka kwa matumbawe kwa data ya joto la bahari ya setilaiti

Haya wadau karibuni, leo hatulowi, tuko na laptopu tu na bando kidogo. Andika Google NOAA Coral Reef Watch, hao ni Wamarekani, wanatoa joto la bahari la dunia nzima kila siku na ni bure kabisa. Ikishafunguka tafuta vituo vya kanda (Regional Virtual Stations), shuka hadi Bahari ya Hindi uchague ukanda wako wa pwani, mi nachagua wa kwetu Tanzania.

Mnaona hiyo grafu? Huo mstari unaopanda na kushuka ndo joto la maji. Juu kuna mistari miwili imelala, wa chini ni wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote kwa eneo hilo, wa juu umezidi hapo kwa nyuzi 1, na huo wa juu ndo mpaka wa hatari.

Sasa tulia hapa maana wengi wanapotea. Mtu anaona leo maji yamevuka mpaka basi anaanza kupiga kelele group la WhatsApp kwamba matumbawe yamekufa, hapana, siku moja haitoshi, tumbawe linaumizwa na joto lililokaa. Likizidiwa linavitema vile vijimwani vinavyoishi ndani yake na kulilisha, ndo unaona limekuwa jeupe, bado hai lakini lina njaa. Kwa hiyo angalia DHW (Degree Heating Weeks), yaani joto lililojilimbikiza kwa wiki 12 zilizopita. Maji yakizidi ule wastani kwa nyuzi 1 wiki nne, inasoma 4, yakizidi kwa nyuzi 2 wiki mbili tu, nayo 4. Ikifika 4 tegemea kupauka, ikifika 8 mengine yanaanza kufa. Wana pia ngazi za tahadhari, usizichanganye na namba za DHW, zamani ziliishia 2, joto la 2023 likawalazimisha NOAA waongeze mpaka 5.

Pakua na lile faili la maandishi, lina data za kila siku tangu 1985. Lifungue kwa Excel, mwambie safu zimetenganishwa na nafasi, kisha chora DHW ya 1998 na 2016, miaka ambayo matumbawe yalipauka sana, pamoja na mwaka huu kwenye grafu moja. Kwetu muda wa kukaa macho ni Machi na Aprili, kaskazi inaisha, kusi haijashika, bahari imelala kama mafuta na jua linapiga moja kwa moja.

Ila msiiamini setilaiti kila kitu jamani. Inachukua joto la usiku, la juu ya maji tu, na mraba wake mmoja ni kilomita 5 kwa 5, kwa hiyo kidimbwi chako cha ndani ya mwamba, maji yakitoka bamvua mchana, yenyewe haikioni kabisa. Kama una kipimajoto cha kurekodi kifunge chini pale pale kwenye matumbawe, utashangaa tofauti.

DHW ikikaribia 4 ndo uvae miwani ya kuzamia sasa. Rudi sehemu zile zile kila wiki mbili, piga picha, andika tarehe, kina na kwa makadirio mangapi kati ya kumi yamepauka, na yale yaliyoota mwani wa kijani juu yake yaandike pembeni, hayo yameshakufa usiyachanganye na meupe.